Aleji iandikwe kitabuni, isibebwe kichwani

Mfanyabiashara anayefunga mzigo Area 25 kwenda Songwe, Mchinji au Dedza hukagua karatasi zake kabla hajapanda gari. Huangalia hati ya kusafiria, risiti za mzigo, cheti cha afya ya mimea kama amebeba karanga au maharage, na fedha za ushuru. Karatasi moja huwa haimo katika bahasha hiyo: ile inayosema ni dawa gani au chakula gani ambacho mwili wake unakikataa. Habari hiyo ameibeba kichwani. Siku akifikishwa zahanati ya ugenini akiwa hajitambui, hakuna atakayeweza kuisoma.

Ushirikiano wa kanda umezungumzwa sana kwa upande wa ushuru, foleni za malori na vibali. Afya ya anayebeba mzigo imeachwa nyuma, isipokuwa pale Ebola, kipindupindu au Uviko-19 ilipobisha hodi. Mzio, ambao wengi huuita aleji, haufungi mpaka wala hautangazwi redioni. Hata hivyo humsumbua mchuuzi kila siku, humpotezea fedha, na mara chache humuua ndani ya saa moja. Tiba yake nyingi ni nafuu. Kinachokosekana ni maarifa na kumbukumbu iliyoandikwa.

Vumbi, moshi na neno linalobeba kila kitu

Area 25 iko kaskazini mwa Lilongwe, jirani na Kanengo, eneo la viwanda na mnada wa tumbaku. Kuanzia Agosti hadi mvua za kwanza, vumbi hutanda sokoni, na moshi wa mashamba yanayochomwa pamoja na wa majiko ya mkaa huongezeka juu yake. Kilomita zipatazo 45 kutoka mjini, wilayani Dowa, iko Dzaleka, kambi iliyofunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo ina zaidi ya 50,000, wengi wao wakitoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ndicho lugha ya soko lake. Mwaka 2023 serikali ya Malawi iliamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi kambini. Familia nyingi zilihama kwa haraka, na anayehama kwa haraka huacha nyuma hata muuguzi anayemjua.

Katika maeneo hayo yote mawili, neno aleji limegeuka kapu la kila ugonjwa. Kikohozi ni aleji, kuwashwa ni aleji, macho mekundu ni aleji, tumbo kuvuruga ni aleji. Duka la dawa nalo lina jibu moja: vidonge vya njano ndani ya kibahasha, au sindano kwa mwenye haraka. Hapo ndipo makosa mawili huzaliwa. Mwenye mzio wa kweli hapewi tiba inayomfaa, na mwenye ugonjwa mwingine hupoteza wiki nzima akitibu kisichokuwepo.

Neno lenyewe ni la mwaka 1906, pale daktari wa watoto wa Vienna, Clemens von Pirquet, alipolibuni kueleza mwili unaobadilika baada ya kukutana na kitu. Maana hiyo bado inafaa. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, huchukulia kitu kisicho na madhara kuwa adui. Safari ya kwanza mtu huenda asione lolote, kwa sababu mwili ndio kwanza unatengeneza kingamwili. Safari nyingine seli hufyatua kemikali, mojawapo ikiwa histamini, na hapo pua hutiririka, ngozi huvimba mabaka, mapafu hubana. Ndiyo maana hoja ya "nimekula karanga tangu utotoni" au "dawa hii niliwahi kuinywa" si kinga. Mzio huweza kuanza ukubwani, kwa kitu kilichozoeleka.

Mzigo wenyewe ndio chanzo

Wafanyabiashara wana hatari ambayo mkaaji wa ofisini hana: hushika bidhaa ileile kila siku, kwa wingi, mara nyingi katika chumba kisicho na dirisha.

Marobota ya mitumba, yaitwayo kaunjika nchini Malawi, hubeba vumbi, kuvu na wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, ambao vinyesi vyao ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya pumu na mafua ya mzio duniani. Anayefungua robota akapiga chafya mfululizo, macho yakamwasha, kisha akapata nafuu akiwa mbali na ghala, ana sababu ya kushuku mzigo. Nafuu haihitaji fedha nyingi. Robota lifunguliwe nje, upepo ukimtoka mgongoni. Pua na mdomo vifunikwe. Nguo anazobaki nazo nyumbani zifuliwe kwa maji ya moto ya nyuzi 60, kwa kuwa maji baridi hayaui wadudu hao, kisha zianikwe juani. Aliyelala juu ya marobota ili kulinda mali anavuta hewa hiyo usiku kucha, na hakuna kidonge kitakachoshinda godoro la namna hiyo.

Kwa wabeba saruji, mikono hupasuka, huwasha na kutoa maji. Saruji ina kromiamu, na ngozi ikishaichukia huichukia maisha yote. Umoja wa Ulaya ulipunguza kiwango chake kisheria kuanzia mwaka 2005. Huku kwetu kinga ya haraka ni glavu zisizopitisha maji na kunawa kabla ya vumbi kukauka mwilini.

Wauzaji wa rangi za nywele na piko wana dhamana nyingine. Piko nyeusi inayochorwa mikononi siku za harusi, kuanzia pwani hadi mijini, mara nyingi ni rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD, si hina ya majani. Hina ya majani huacha rangi ya kahawia au nyekundu. PPD huacha weusi, na kwa baadhi ya watu huacha malengelenge na kovu la umbo lilelile la ua. Baada ya hapo, mtu huyo akipaka rangi ya nywele miaka kumi baadaye, uso unaweza kuvimba hadi macho yakafumba. Muuzaji mwaminifu humwambia mteja apake tone nyuma ya sikio na kusubiri siku mbili. Mteja aliyesubiri hurudi, na aliyeungua huwaambia wenzake.

Vumbi la karanga na unga nalo huathiri wapakiaji na wasagaji. Lakini kwenye karanga tahadhari isigeuke hofu. Malawi ndiyo nchi ambako chiponde, uji mzito wa karanga na maziwa kwa watoto wenye utapiamlo mkali, ulionyesha mafanikio makubwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2015 utafiti uliofanyika London ulionyesha kuwa watoto walio katika hatari ya mzio wakianza kulishwa karanga mapema, katika umbo lisiloweza kuwapalia, hupungukiwa sana na uwezekano wa kupata mzio huo kuliko wanaozuiwa. Mama asimnyime mtoto karanga kwa sababu ya uvumi. Amzuie yule tu aliyewahi kuvimba au kubanwa kifua baada ya kuzila, kisha ampeleke hospitali.

Si kila mwasho ni mzio

Hapa ndipo biashara ya kibahasha inapoumiza zaidi. Muwasho unaozidi usiku, ulioanza katikati ya vidole na kiunoni, na ambao umeenea kwa kila anayelala chumba kimoja, si mzio. Huo ni upele, na katika makazi yaliyojaa watu huzunguka nyumba hadi nyumba. Dawa yake ni ya kupaka, na hupakwa na familia nzima siku moja. Piriton itawasinzisha tu huku wadudu wakiendelea kuchimba.

Kikohozi kinachozidi wiki mbili, chenye homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, si vumbi. Hicho kinahitaji kipimo cha kifua kikuu, ambacho hutolewa bure katika vituo vya serikali.

Samaki kama jodari na vibua wakikaa joto muda mrefu hutengeneza histamini ndani ya nyama yao. Mlaji huwa mwekundu, kichwa humgonga, ngozi humwasha, na hudhani ana mzio wa samaki. Kosa liko kwenye barafu iliyokosekana. Kumpika samaki huyo tena hakuondoi sumu hiyo. Dalili kubwa ni kwamba waliokula sahani moja huugua pamoja, ilhali mzio humchagua mmoja.

Karanga na mahindi yenye kuvu vina sumukuvu, na huo pia si mzio. Mwaka 2004, katika maeneo ya mashariki mwa Kenya, mahindi yenye sumu hiyo yaliwaugua watu 317 na kuua 125. Mfanyabiashara anayechanganya gunia lililooza na zima hawezi kujitetea kwamba mteja alikuwa na aleji.

Majina mawili, dawa moja

Hatari kubwa kuliko zote kwa anayevuka mipaka ni dawa. Dawa huitwa kwa majina ya kibiashara, na majina hayo hubadilika kila kituo. Mtu aliyeambiwa Tanzania asitumie tena Septrin anaweza kuvuka mpaka akapewa Bactrim, akaimeza kwa imani kwamba ni kitu kingine. Ni dawa ileile. Ndani yake kuna salfa, na salfa ya jamii hiyo imo pia katika Fansidar.

Majibu ya salfa si mabaka pekee. Kwa watu wachache huja baada ya siku kadhaa au wiki: homa, mdomo na macho kujaa vidonda, ngozi kutoka malengelenge na kubanduka kama iliyomwagiwa maji ya moto. Wengine hufa. Malawi ina historia ndefu na dawa hizi. Mwaka 1993 ilikuwa ya kwanza barani Afrika kuiacha klorokwini kwa ajili ya Fansidar na wenzake, na Tanzania ikafuata mwaka 2001. Malaria ya kawaida sasa hutibiwa kwa dawa mseto, Malawi tangu mwaka 2007, lakini salfa bado hutolewa kwa wajawazito kuwakinga na malaria, na Septrin hutolewa kila siku kwa watu wengi wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Kwa hiyo swali la salfa huulizwa kila siku, au linapaswa kuulizwa.

Wazee wanaokumbuka klorokwini wanakumbuka pia muwasho wake, na wapo waliojiandika kuwa na aleji ya dawa za malaria zote. Ule ulikuwa muwasho wa dawa hiyo yenyewe, uliowapata Waafrika wengi, na si sababu ya kukataa dawa mseto za leo. Kumbukumbu isiyoandikwa ina kasoro hiyo pia: huongeza marufuku zisizohitajika na kusahau zile zinazohitajika.

Nafuu ya kweli na nafuu ya mkopo

Ngazi ya tiba ni fupi. Kwanza ni kuepuka chanzo. Pili ni kuosha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa. Tatu ni dawa za kuzuia histamini. Piriton ni ya zamani na ni nafuu, ila husinzisha. Dereva wa lori au abiria anayelinda mzigo usiku hapaswi kuinywa safarini. Setirizini na loratadini husinzisha kidogo zaidi au kutosinzisha kabisa, na loratadini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mwenye pumu ahitaji dawa mbili za kuvuta: moja ya kufungua kifua na nyingine ya kuzuia uvimbe kila siku. Anayetumia ya kufungua pekee, mara nyingi kwa wiki, ajue pumu yake haijadhibitiwa.

Kisha kuna nafuu ya mkopo. Hizi ni steroidi za sindano au vidonge zinazouzwa kama dawa ya aleji bila cheti cha daktari, na krimu kali zenye steroidi zinazovushwa mipakani kama vipodozi vya kung'arisha. Siku ya kwanza hufanya kazi kwa kasi, na ndiyo sababu hununuliwa. Riba yake huja baadaye: sukari na presha kupanda, mifupa kudhoofika, ngozi kuwa nyembamba na kuchanika, magonjwa yaliyojificha kama kifua kikuu kuamka. Anayezitumia muda mrefu kisha akaziacha ghafla anaweza kuanguka, kwa sababu mwili umeacha kutengeneza homoni yake. Steroidi zina kazi halali mikononi mwa tabibu. Kwenye mkoba wa mchuuzi ni bidhaa hatari kuliko petroli ya magendo, na wafanyabiashara wenyewe wanapaswa kuikataa.

Na kuna hali isiyosubiri ngazi. Mtu akivimba midomo au ulimi, sauti ikakwama, kifua kikabana, akatapika au kuzimia dakika chache baada ya kula, kung'atwa na nyuki au kuchomwa sindano, huo ni mshtuko wa mzio. Dawa yake ni adrenalini, inayochomwa kwenye msuli wa paja, mapema. Piriton haimwokoi, na kumnywesha maziwa ni kupoteza muda. Alazwe chali miguu ikiwa juu, au akalishwe kama anapumua kwa shida, asisimamishwe wala kutembezwa, na apelekwe kituo kilicho karibu, si kile kinachosifiwa. Kalamu za adrenalini zinazobebwa mfukoni katika nchi tajiri ni nadra na ghali huku. Kichupa cha adrenalini chenyewe ni cha bei ndogo na kimo katika orodha za dawa muhimu. Zahanati yoyote inayochoma sindano haina udhuru wa kukikosa.

Ukurasa mmoja unatosha

Malawi ina kitu ambacho majirani wanaweza kukionea wivu. Mgonjwa hubeba mwenyewe kitabu chake kidogo cha hospitali, kinachojulikana kama pasipoti ya afya, na kila tabibu huandika humo. Aliyetibiwa Kituo cha Afya cha Area 25, akapelekwa Kamuzu Central, kisha akarudi Dzaleka, anakuwa na historia yake mkononi. Kasoro ni kwamba habari ya mzio, ikiandikwa, huzama katikati ya kurasa kwa mwandiko wa haraka na kwa Kiingereza.

Pendekezo ni dogo. Habari ya mzio iandikwe ndani ya jalada la mbele, kwa herufi kubwa: jina halisi la dawa na si la kibiashara, kilichotokea, na mwaka. Iandikwe kwa lugha tatu, Kichewa, Kiingereza na Kiswahili, na Kifaransa kwa wanaotoka Kongo na Burundi. Mwenye kitabu apige picha ukurasa huo na kuuhifadhi kwenye simu, na nduguye awe nayo. Jumuiya ya SADC iliifanya Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne mwaka 2019. Lugha rasmi isiyoweza kumwambia muuguzi wa Karonga au Kyela "huyu asipewe salfa" bado haijamfikia mwananchi.

Wapo watakaosema mzio ni ugonjwa wa matajiri, na kwamba kambi yenye uhaba wa chakula ina mambo makubwa zaidi. Uhaba huo ni wa kweli. Lakini pumu haiulizi kipato, na vumbi na moshi humpata zaidi asiye na dirisha. Wengine, hasa wakimbizi, watahofu kwamba karatasi yoyote ya ziada ni njia nyingine ya kuwatambua na kuwarudisha. Hofu hiyo haikuzuka hewani baada ya mwaka 2023, na inastahili kuheshimiwa. Ndiyo maana kumbukumbu hii iwe mali ya mgonjwa mwenyewe, isiwe na namba ya ukimbizi wala anwani, na maofisa wa afya wa mpakani waisome ikiletwa, wasiidai.

Kwa upande wa bidhaa, kanuni za kimataifa za Codex, zinazosimamiwa na FAO na WHO, tayari zinataka vyakula vya pakiti vitaje viambato vinavyojulikana kuleta mzio, vikiwemo karanga, maziwa, mayai na samaki. Unga wa lishe unaofungashwa upya kwenye mifuko isiyo na maandishi huvunja kanuni hiyo kila siku. Anayeuza unga wenye soya au karanga anaweza kubandika karatasi yenye maneno mawili kwa kalamu ya wino, kwa gharama isiyozidi ile ya kufunga mfuko.

Vyama vya wafanyabiashara havihitaji kusubiri mkutano wa mawaziri. Safari ijayo, kabla ya gari kuondoka Area 25, kiongozi wa msafara anaweza kuuliza swali moja zaidi baada ya kuhesabu magunia: nani ana dawa isiyompatana, na imeandikwa wapi? Atakayejibu "najua mwenyewe" apewe kalamu.